Nyanya ya Nyanya

14 Januari 1988

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nyanya naye mpe shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako, maana najua ataiulizia. Mimi mzima. Kile kikohozi kimekwisha. Mama ameniandikia kwamba uliezeka jiko upya ukaanguka kutoka kwenye ngazi, na kwamba mwenyewe unasema hukuanguka, ulishuka. Basi pole, na hongera kwa kushuka.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Msimu huu hapa kituoni tunalinganisha aina za nyanya. Kumi na moja zimeshaingia, nyingi za dukani. Kila aina inapandwa mara nne, katika vipande vinne mbalimbali vya shamba, isije moja ikapendelewa na udongo. Tunapima urefu kila wiki, tunahesabu siku mpaka ua la kwanza, tunahesabu matunda na kuyapima uzito mpaka gramu ya mwisho. Aina tatu zitakazoongoza zitazalishwa mbegu nyingi na kugawiwa wakulima. Nafasi ya kumi na mbili bado iko wazi. Nikajipa moyo nikamwambia mkuu wa majaribio kwamba kwetu kuna nyanya ambayo nyanya yangu anaipanda tangu hajaolewa. Akacheka, lakini akasema niilete.

Mjomba, mama anasema majirani wote wameshaiacha, umebaki wewe tu. Ina maana mwaka mmoja ukikuendea vibaya, nyanya ile imekwisha duniani. Hilo linaninyima raha. Ikifanya vizuri hapa itakuwa kwenye mashamba ya watu wengi na hakuna atakayeweza kuipoteza tena.

Zinahitajika mbegu mia sita. Najua ni nyingi. Kama hazitoshi sema kweli, tutangoja msimu mwingine. Pakiti iandikwe jina la aina, bila jina hawapokei. Zifike kabla ya katikati ya Februari.

Mpwa wako

*

2 Februari 1988

Kwako Daktari wa Nyanya,

Marahaba mwanangu. Mama yangu, yaani nyanya yako, amepokea yake, akasema ilikuwa fupi. Hilo jina la udaktari nimekupa mimi, na tayari limenitia matatani. Nilimwambia fundi cherehani wa hapa jirani kwamba mpwa wangu ni daktari wa nyanya, akaja mbio jioni ile ile kuuliza nyanya anaumwa nini. Mama akamjibu mwenyewe kutoka ndani kwamba anaumwa na wageni.

Na sikuanguka. Ngazi ndiyo iliyoondoka.

Mbegu hizi hapa. Amezihesabu mama kwa mkono wake juu ya sinia, mbili mbili. Alipofika mia nne akapiga chafya, zikaruka, tukaanza upya. Nilicheka, akanifukuza chumbani nikiwa na ndevu zangu hizi nyeupe. Ni mia sita na kumi na mbili. Hizo kumi na mbili ni fungu la panya wenu. Kuhusu sisi usiwe na wasiwasi, tumebaki na nyingine tele.

Lile la jina lilitupa kazi. Mama anasema haina jina, na nani anaiita mpaka iwe na jina? Mwishowe nikaandika kama wewe ulivyokuwa ukisema ulipokuwa mdogo: NYANYA YA NYANYA. Nimeandika kwa herufi kubwa, wasije wakasema huku hatujui kuandika.

Ameniambia nikwambie kwamba hajawahi kuitoa nje ya ukoo, hii ni mara ya kwanza. Anataka kujua itakuwa ya ngapi. Tangu tufunge pakiti anauliza, na mbegu bado hata hazijatoka mlangoni.

Mjomba wako

*

19 Machi 1988

Mjomba,

Shikamoo, na nisamehe kwa ukimya. Nilipelekwa kwenye kituo kingine kuchukua sampuli za udongo. Niliambiwa wiki moja, zikawa tano. Nimerudi juzi nikiwa na udongo mpaka ndani ya masikio. Chumba changu kilikuwa kimevuja, godoro nimelianika siku mbili. Mwenzangu tunayekaa naye amehamia kwa shemeji yake, kwa hiyo sasa nina dirisha zima peke yangu, linaloangalia banda la mizani.

Mbegu zilifika salama. Zimeota karibu zote, na miche imeshahamishiwa shambani. Zimeshika vizuri. Ziko pembeni kidogo, upande wa uzio, panapopata hewa.

Kuhusu itakuwa ya ngapi, ni mapema mno. Mwambie nyanya avute subira. Vipi miguu yake? Vipi nyanya za huko nyumbani, mmeshapanda? Mama hanielezi mambo ya shamba, ananieleza harusi za watu nisiowajua.

Leo sina mengi.

Mpwa wako

*

25 Aprili 1988

Daktari,

Barua yako imefika na ilikuwa fupi kuliko kawaida yako. Wewe ni mtu wa kuandika mpaka ukingoni mwa karatasi. Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna nyingine.

Huku wazima. Mama miguu imegoma kabisa, hashuki tena shambani. Anakaa mlangoni pa jiko jipya, ambalo halivuji, ukitaka kujua, na kila nikirudi ananiuliza, “Zimefika wapi?” Namwambia zimefika magotini. Wiki iliyopita nilimwambia zimefika kiunoni. Anaridhika. Umeuliza vipi shamba. Shamba lipo pale pale.

Sasa nikuulize mimi. Pembeni ndiyo wapi? Mtu akialikwa harusini akaambiwa akae pembeni, huyo ni mgeni au ni mpishi? Nilimsomea mama, akanirudisha pale pale kwenye neno hilo mara mbili. Tuambie ni ya ngapi, hata kama ni ya mwisho. Yeye si mtoto. Ya mwisho ataivumilia, ila kutojua ndiko kunakomkera.

Mjomba wako

*

21 Mei 1988

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini miguu ya nyanya imepata nafuu na wewe hujashuka tena kutoka popote. Mama ameandika kwamba unakonda. Kula, tafadhali.

Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana. Sasa naandika bila kusimama.

Nyanya yetu haimo kwenye majaribio. Pakiti yako ilipofika mimi nilikuwa huko kwenye udongo. Aliifungua karani. Akasoma NYANYA YA NYANYA. Mjomba, kwao bibi ni bibi tu, neno nyanya kwake ni tunda na basi. Aliona mtu ameandika “nyanya” mara mbili. Akadhani ni mkulima aliyetaka kusisitiza. Kwenye daftari akaandika: mbegu za nyanya, aina haijulikani. Na kisichojulikana hakipimwi. Nafasi ya kumi na mbili wakampa mwingine, na mbegu zetu wakazifanya mistari ya pembeni.

Nikueleze mistari ya pembeni ni nini. Mche wa ukingoni hupata jua na nafasi kuliko wenzake, ukiupima utakudanganya. Kwa hiyo shamba zima la majaribio huzungushiwa miche ya bure, ya kupokea upepo na wadudu, ili ile ya ndani ipimwe kwa haki. Haiandikwi popote. Hata ikizaa dhahabu haiandikwi. Hiyo ndiyo yetu. Niliporudi ilikuwa imeshapandwa. Nilimwendea mkuu, nikamweleza bibi ni nani na tunda ni lipi. Alicheka mpaka akatoa machozi, si kwa ubaya. Kisha akasema haiwezekani kuhamisha, msimu umeshaanza. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu. Mimi ndiye niliyeiomba.

Na linaloniuma ni kwamba inapendeza, mjomba! Namba saba ndiyo inayoongoza ndani, miche yake mifupi, mikakamavu, matunda yote saizi moja kama yametoka kiwandani. Lakini yetu imepanda mpaka juu ya vijiti, tumeongeza vijiti, imevipita. Vichala vina matunda sita, saba. Wafanyakazi wanasimama kuiangalia wakienda kunywa chai. Kila asubuhi naipita mkono wa kulia nikiwa na rula na daftari, naenda kupima nyingine.

Ningekuwa mtu jasiri ningeiba hata moja nikawaletea muone. Getini wanapekua mifuko, mwezi uliopita mtu alifukuzwa kazi kwa nyanya nne. Najifariji kwamba huko nyumbani mnazo. Mwambie nyanya kwa namna utakayoona inafaa. Mimi sijui namna.

Mpwa wako

*

4 Juni 1988

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikacheka. Cheka na wewe. Miaka yote najisifu kwa mwandiko wangu, na umesomeka vizuri kupita kiasi. Huyo karani usimchukie. Mimi ndiye niliyeandika kitu cha kusomwa na mtu mmoja tu kwenye pakiti itakayosomwa na watu wote.

Nimekwisha kucheka. Sasa nisikilize.

Hakuna nyingine tele. Ulitaka mia sita, na sisi tulikuwa na mia sita na hamsini na kitu. Wewe ulisema nikwambie kweli na mimi nikakwambia tele, kwa sababu niliona katika barua ile ulivyokuwa na furaha, na kwa sababu nilitaka ile nyanya iende ikasimame mbele za watu. Mama hajui. Alidhani kuna chupa nyingine kabatini. Mimi nilikuwa najua chupa ile ina nini: ina vifungo vya shati.

Zile arobaini nilizobaki nazo nilizipanda Februari. Mwezi wa tatu mche mmoja ukalegea saa sita mchana kama mtu mwenye homa, jioni ukasimama, kesho yake ukalegea usisimame. Ni ule mnyauko, ugonjwa unaokaa udongoni usio na dawa. Bwana shamba alikuja akakata shina akalitia kwenye glasi ya maji, ukatoka uzi mweupe kama maziwa, akatikisa kichwa. Nilihamisha michache upande wa juu, ikanyauka huko huko. Hakuna uliofika hata kuchanua. Mwezi wa nne nilipokuwa namwambia mama zimefika kiunoni, shambani palikuwa na vijiti vitupu. Ndiyo maana nakonda, na wewe mwambie mama yako aache kuandika andika.

Kwa hiyo nyanya hiyo iko kwenye uzio wenu tu. Chuma moja, mwanangu. Moja inatosha, ndani yake kuna mbegu za kuanzia upya. Usiibe, nenda kwa mkuu wako ukamwombe, mpigie magoti kwa niaba yangu. Akikataa niandikie haraka nije mwenyewe nimpigie magoti yangu, bado ni mazima. Barua hii naipeleka posta sasa hivi kwa miguu, sisubiri gari la kesho.

Mjomba wako

*

27 Juni 1988

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ilifika kwenye sanduku la kituo tarehe kumi, muhuri wa posta unaonyesha. Karani mwenye ufunguo wa sanduku alikuwa likizo. Amerudi tarehe ishirini na nne, ndipo nikaipata. Niliisomea pale pale kwenye ngazi za ofisi.

Mistari ya pembeni tuliing’oa tarehe kumi na tisa.

Ilikuwa imekuwa mirefu mno. Ilitia kivuli kwenye vipande viwili vya namba nne, na mkuu akasema inaharibu ulinganisho. Alikuwa sahihi, mjomba, ukitaka nikwambie ukweli wa kazi, kivuli kinaharibu. Tulikuwa watu sita. Mimi nilishika upande wa uzio. Niling’oa kwa mikono yangu hii kuanzia asubuhi mpaka chai, na mashina yalikuwa manene, ilibidi niweke mguu. Nilisikitika, nikasema moyoni si neno, kwa mjomba zipo. Wenzangu walikuwa wanakula wakifanya kazi, na mimi nikachuma moja nikala, ikanishuka tamu, nikameza na mbegu zake.

Zilizobaki zilitiwa shimoni pamoja na majani, zikamwagiwa chokaa, trekta likapita juu. Huo ndio utaratibu wa kuzuia magonjwa. Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda shimoni na jembe. Nilichimba mpaka mlinzi akaja. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikaendelea kuchimba kwa mikono, akachukua jembe akanisaidia kuchimba bila kujua tunatafuta nini. Ilikuwa uji na chokaa tu. Niliosha konzi mbili za uji ule kwenye ndoo, nikapata mbegu kama thelathini, nimeziatika kwenye trei dirishani. Usitumaini. Chokaa imezipika, zimegeuka rangi.

Karani nilimwomba pakiti yako. Alikuwa ameihifadhi kwenye faili, mtu mwangalifu yule. Nimeikung’uta juu ya karatasi nyeupe, nimeipasua nikaangalia kwenye mikunjo. Hamna kitu. Mkuu nilimwendea pia. Alivua miwani, akasema, “Ungeniambia ndiyo za mwisho.” Nikasema sikujua. Akasema, “Basi hata mimi nisingejua.” Alinipa ruhusa ya siku mbili nipumzike na sina pa kupumzikia.

Mjomba, kwa nini uliniambia tele? Na mimi kwa nini nilinyamaza miezi miwili? Ningekuandikia Machi ungenijibu Machi. Nalia nikiandika, ndiyo maana karatasi iko hivi.

Mpwa wako

*

30 Agosti 1988

Mjomba,

Shikamoo. Mbona kimya? Mama anasema u mzima, lakini ukiulizwa habari zangu unaondoka kwenda kuangalia kuni.

Zile thelathini hazikuota. Nilingoja siku arobaini na tano badala ya kumi, kisha nikamwaga udongo.

Matokeo yametoka. Namba saba ya kwanza, namba mbili ya pili, namba kumi na moja ya tatu. Jina langu limewekwa chini kabisa kwenye ripoti, miongoni mwa wasaidizi. Watu wananipongeza.

Niandikie hata kunitukana. Nyanya anajua?

Mpwa wako

*

6 Novemba 1988

Mwanangu,

Marahaba. Sikukuandikia kwa sababu kila niliposhika kalamu sikuona pa kuanzia. Sina hasira na wewe. Uliniuliza kwa nini nilisema tele, nimelitafuta jibu miezi minne, silioni. Nadhani nilikuwa naringa tu.

Mama hajui. Mtu hawezi kukaa anasema zimefika kifuani milele, na yule mwanamke amelima nyanya miaka sitini. Anahesabu siku kwenye vidole. Julai akaniuliza, “Hizo nyanya zako zinaiva lini, au zinangoja nife?” Nikamwambia zile ziliharibika, napanda nyingine za ile chupa ya kabatini, kisha nikaenda kwa bwana shamba, akanipa mbegu. Baadaye akaniambia ndiyo ile namba saba yenu, dukani ina jina refu na picha. Nikazipanda nyuma ya nyumba ndani ya madebe, kwa udongo nilioubeba kutoka mbali, maana wetu una ugonjwa. Zimekubali. Kusema kweli zimezaa vizuri sana, niliziangalia nikatamani kuzing’oa.

Wiki hii zimeiva. Leo nimechagua moja isiyo ya duara sana, nikaikata, nikaitia chumvi, nikampelekea mlangoni pa jiko. Niliomba asijue. Halafu nikamwona anaishika, anainusa pale penye kikonyo kama alivyozoea, nikaomba ajue, anipige hata bakora, jambo hili lipate mtu wa pili humu ndani. Akala taratibu. Akala yote. Akalamba chumvi kidoleni.

Akasema, “Zina maji mwaka huu.”

Nikasema ndiyo mama. Akauliza, “Na za yule mtoto kule, nazo hivi hivi?” Nikasema hivi hivi. Akafikiri, akasema, “Anazimwagilia mno. Mwandikie.” Nikasema nitaandika kesho. Akasema sasa, mbele yake, akanituma kalamu na karatasi.

Ndiyo nimekaa hapa miguuni pake nakuandikia. Anauangalia mkono wangu. Kusoma hajui, na ameshaanza kuuliza mbona maneno machache vile yananichukua karatasi nzima. Nikimaliza atataka nimsomee, nami nitamsomea mstari huu mmoja wa mwisho, kwa hiyo nauandika vizuri, kwa herufi kubwa:

NYANYA ANAKUSALIMU. ANASEMA USIZIMWAGILIE SANA.